UZI: Nani anaamua njia ya kupanga uzazi utakayopewa? (Leo ni koili)

Kila msimu wa siasa ukikaribia, mjadala wa kupanga uzazi unarudi na wimbo ule ule. Mmoja anashika maikrofoni anasema wazungu wanataka kutupunguza. Mwingine anasema idadi ni kura, kwa hivyo jamii yake izae. Wa tatu anaahidi huduma ya bure, anapigiwa makofi, tunaenda nyumbani. Hakuna anayeuliza swali dogo: ukishafika kliniki na kadi yako mkononi, ni nani hasa anayeamua utakachotoka nacho?

Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Mkitaja hapo chini nitafuta. Na wanaume msihame, hii inawahusu pia.

Kwanza kifaa chenyewe, maana nimegundua wengi wanaobishana hawajawahi kukiona. Koili ni kijiti kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Kuna ya shaba, ambayo haina homoni yoyote na inaweza kukaa miaka 10 au zaidi. Kuna nyingine inayotoa homoni kidogo kidogo, hukaa miaka kadhaa. Kati ya wanawake 100 wanaotumia koili kwa mwaka mmoja, anayeshika mimba ni kama mmoja au hata hayupo. Kwa tembe, jinsi watu wanavyozimeza kihalisia (umesahau, zimeisha, uko safarini), ni kama 7. Ikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi.

Na ile hoja ya jukwaani ati koili "inatoa mimba": kazi kubwa ya shaba ni kudhoofisha mbegu za kiume zisirutubishe yai. Inazuia mimba isitungwe. Una msimamo wako wa dini, sawa, sina ugomvi nao. Lakini usiujenge juu ya jambo ambalo sio kweli.

Sasa tazama hizi nambari. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2014 ulikuta kati ya wanawake walioolewa, asilimia 26 wanatumia sindano, 10 vipandikizi, na koili ni kama 3 tu. Kufikia utafiti wa 2022 vipandikizi vilikuwa vimepanda hadi karibu 19, vikikaribia kulingana na sindano. Vipandikizi vilipanda kwa sababu zinazojulikana, mojawapo ikiwa makubaliano ya 2013 yaliyoshusha bei yake karibu nusu kwa nchi kama yetu. Lakini koili ya shaba ni rahisi hata zaidi, na inakaa muda mrefu zaidi. Basi mbona haitembei?

Hapa nitawaambia ya dada yangu, ameniruhusu. Alikuwa na mtoto mmoja wa miaka miwili, anasomea kozi ya mwaka mmoja. Sindano ilikuwa inamsumbua, damu haikati, kwa hivyo akataka njia isiyo na homoni. Akaenda kituo cha afya cha umma, sitakitaja. Siku ya kwanza aliulizwa, "Mume wako anajua?" Kisha akaambiwa, "Mtoto mmoja tu? Hiyo ni ya wamama waliomaliza kuzaa." Alipong'ang'ania, akaambiwa arudi akiwa kwenye hedhi. Akarudi. Anayejua kuweka alikuwa likizo. Akatoka na tembe. Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito na kozi ikaachwa katikati. Huyo mtoto tunampenda kama nini, hilo sio suala. Suala ni kwamba alienda kuuliza kitu kimoja, akarudishwa mara mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia jambo la kitabibu la kumzuia.

Nimekuwa nikichimba yale maneno aliyoambiwa, na kila moja lina historia yake.

"Ni ya wamama waliomaliza kuzaa." Hii tunaweza kuifuata hadi Marekani. Mwaka 1971 kampuni moja ilianza kuuza koili iliyoitwa Dalkon Shield. Uzi wake ulikuwa umesokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo ndani ya ganda, na bakteria walikuwa wanapanda nao kama mafuta kwenye utambi wa taa. Wanawake wengi walipata maambukizi mabaya, wengine wakabaki tasa, wengine wakafa. Iliacha kuuzwa huko 1974, na kesi zikaifilisi kampuni mwaka 1985. Koili za leo zina uzi wa aina nyingine kabisa, lakini hofu haikubagua. Ikaingia kwenye madarasa ya udaktari na uuguzi dunia nzima, ikakaa humo.

Mwaka 2001 watafiti huko Mexico walichapisha matokeo kuhusu wanawake ambao hawakuwahi kushika mimba, wakiwalinganisha waliokuwa na mirija iliyoziba na wasiokuwa nayo. Kutumia koili ya shaba hakukuhusiana na kuziba. Kilichohusiana ni dalili za kuwahi kuambukizwa klamidia, ugonjwa wa zinaa. Na hatari ya maambukizi inayotokana na koili yenyewe iko zaidi katika wiki tatu za kwanza baada ya kuwekwa, ndiyo maana usafi na uchunguzi kabla ya kuweka ni lazima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamweka mwanamke ambaye hajazaa, na hata msichana wa chini ya miaka 20, kwenye kundi la pili: faida kwa kawaida zinazidi hatari, mpe akitaka. Dada yangu, aliyekwisha kuzaa na kupita miaka 20, hakuwa hata kwenye kundi hilo. Alikuwa kundi la kwanza, lisilo na kizuizi.

"Rudi ukiwa kwenye hedhi." Nia yake ni kuhakikisha huna mimba. Lakini uchungu ni huu: utafiti wa orodha ya maswali sita ya kumtambua asiye na mimba, bila kusubiri hedhi, ulifanywa hapa hapa Kenya na kuchapishwa 1999. Orodha hiyo imetumika nchi nyingi. Sisi tuliitoa, na bado tunaambiana turudi wiki ijayo. Mwenye nauli ya kurudi ni nani?

"Mume wako anajua?" Hapa ndipo siasa yenyewe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kinataja afya ya uzazi kwa jina. Sheria ya Afya ya 2017 inasema wanaume na wanawake wa umri wa kuzaa wana haki ya kuelezwa na kufikia huduma za kupanga uzazi. Hakuna mahali mtu mzima anadaiwa sahihi ya mume. Hiyo ni sheria ya mtu binafsi aliyevaa koti jeupe. Na hakuwa peke yake: utafiti wa 2011 katika miji mitano ya Kenya ulikuta watoa huduma wengi wakijiwekea masharti yao ya umri, ndoa na idadi ya watoto.

Nilikuwa nimekasirika sana hadi nilipoongea na jirani yetu, muuguzi mstaafu. (Kenya kila mwenye koti jeupe ni "daktari", lakini koili nyingi huwekwa na wauguzi na matabibu.) Aliniambia darasani alionyeshwa kwenye modeli ya plastiki, kisha kazini akapitisha miezi bila kuweka hata moja. "Mkono unasahau, mwanangu. Na ukisahau unaogopa, na ukiogopa unamwambia mama achukue sindano." Akanihesabia: foleni ni wamama arobaini, wauguzi wawili, kitanda kimoja cha uchunguzi. Koili inataka faragha, taa, vifaa vilivyochemshwa na karibu nusu saa. Sindano ni dakika mbili. Nilienda kutafuta mtu mbaya, nikapata ratiba mbaya. Ile ya mume, hata yeye hakuitetea.

Wanaoshuku mipango hii nao sio wajinga. Huko Greenland, kati ya 1966 na 1970, madaktari wa Denmark waliwawekea koili wanawake na wasichana wapatao 4,500, wengi bila kuelezwa wala kuulizwa. Serikali ya Denmark iliomba msamaha mwaka 2025. Kwa hivyo mtu akisimama mkutanoni akasema "hizi vitu zinaweza kutumiwa dhidi yetu", ana mfano wa kweli mkononi. Ila kosa la Greenland na lile la kliniki ya dada yangu ni ndugu. Pote mwenye mwili hakuulizwa anachotaka. Na haki ya kuwekewa inaenda pamoja na haki ya kutolewewa siku yoyote ukitaka, bila mahubiri, na kuambiwa ukweli mapema kwamba kuweka kunaweza kuuma na hedhi inaweza kuwa nzito miezi ya kwanza kwa ile ya shaba.

Tangu ugatuzi wa 2013, zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti. Kwa hivyo mgombea akija kwenu na ile ahadi ya "huduma bure", msiishie hapo. Mwulizeni ni wauguzi wangapi kwenye wadi hiyo wameweka koili hata moja mwezi uliopita, na bajeti ya kuwarudisha mafunzoni iko ukurasa gani.

Dada yangu aliwekewa mwaka jana, kituo kingine, kaunti nyingine. Alipanda matatu mbili. Ilichukua dakika ishirini, na hakuulizwa kuhusu mume.

Maswali wekeni hapo chini. Nitajibu usiku, nina mtihani wa nadharia za utawala saa nane.