Usukani wa Mashua na Kanuni ya Wenzo

Usukani wa mashua unapooza, mara nyingi fundi huombwa achonge mpya ulio mpana zaidi ili chombo kitii upesi. Ombi hilo lafaa kupimwa kwa kanuni ya wenzo.

Usukani hushikizwa kwenye fashini kwa bawaba, nao huzungushwa kwa kana. Tuseme maji yanausukuma kwa nguvu ya nyutoni 400, sentimita 25 nyuma ya bawaba. Mwenye kana ya mita 1 atahitaji nyutoni 100 kuuzuia. Mwendo ukiongezeka maradufu, kwa pembe ileile, nguvu ya maji huwa mara nne. Atahitaji nyutoni 400, sawa na kuinua mzigo wa kilo 40! Sasa zidisha upana maradufu: eneo huwa mara mbili, na umbali kutoka bawaba vivyo hivyo, kazi ya mkono yazidi mara nne tena.

Hivyo ubao mwembamba uendao chini ni bora, mradi usipite mkuku, la sivyo ndio utakaogonga mwamba kwanza. Kana ndefu hupunguza nguvu inayohitajika, lakini yataka nafasi tezini. Bawaba zilizolika nazo zibadilishwe. Za shaba nyeusi hustahimili chumvi kuliko za chuma.