Mtoto Akikawia Kuketi au Kutembea



Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimpa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4. Likizo hiyo ikiisha, watoto wengi bado hawajakaza shingo vizuri. Kwa hiyo kuketi, kusimama na kutembea hutokea sisi tukiwa kazini, na anayeona kwanza ni yaya, nyanya au jirani. Tuwaulize kila jioni, tena tusikilize.

Hapa Naguru twasikia mara nyingi: "Wako bado? Wangu alitembea na miezi tisa!" Maneno hayo huwatia akina mama hofu ya bure. Shirika la Afya Duniani liliwachunguza watoto wenye afya katika nchi tano, zikiwamo Ghana na Omani, na mwaka 2006 likatoa vipimo hivi:

Kuketi bila kushikwa: kati ya miezi 4 na 9.
Kusimama peke yake: kati ya miezi 7 na 17.
Kutembea peke yake: kati ya miezi 8 na 18.

Wengine hawatambai kabisa, nao hutembea vizuri. Malezi pia yana sehemu yake. Waganda tangu zamani humzoeza mtoto kuketi mapema kwa kumwegemeza kwa nguo, naye huketi upesi.

Lakini kuna kukawia kusikofaa kungojewa. Mpeleke mtoto kwa daktari ikiwa shingo haijakaza kwa miezi 4, hajaketi kwa miezi 9, au hajatembea kwa miezi 18. Vilevile akiwa mlegevu mno au mkakamavu, akitumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au akiacha jambo alilokwisha kulijua. Hili la mwisho ni la haraka.

Sababu ni nyingi: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwani, utapiamlo. Si laana, wala si kosa la mama. Mazoezi yakianza mapema humsaidia mtoto sana.

Hospitali ya Naguru, iliyofunguliwa mwaka 2012, iko karibu nasi. Lakini karibu hakutoshi iwapo msimamizi hakupi ruhusa. Basi twawaomba wawakilishi wa matawi walipeleke jambo hili kwenye mazungumzo na waajiri: siku ya kumpeleka mtoto kliniki, kwa mama na kwa baba, bila kukatwa mshahara.

Afadhali kwenda ukaambiwa mtoto ni mzima, kuliko kungoja.