Je, Wajua? Kengele ya Tahadhari Ikikatwa Waya Ndipo Hulia

Mwizi anapanda ngazi usiku wa manane, anaufikia mkebe wa plastiki uliofungwa juu ya mlango wa duka, anatoa koleo na kukata waya. Anadhani ameinyamazisha kengele, kumbe ndiyo kwanza ameiamsha. Ndani ya mkebe ule mna betri ndogo, na usiku na mchana paneli ya ulinzi iliyoko ndani ya jengo huupelekea mkebe umeme kidogo, kama salamu ya kusema "huku ni salama". Salamu ikikatika, mkebe hauulizi sababu. Unaichukua betri yake na kupiga kelele mpaka mtaa mzima ujue.

La mgambo likilia kuna jambo, wahenga walisema. Lakini mgambo usiosikika haumsaidii mtu, na hapo ndipo wenye majengo wengi hukosea. Huenda dukani wakanunua kengele kwa bei au kwa ukubwa wake, kisha humwachia fundi atafute pa kuibandika. Kazi hii inafaa ianzie upande wa pili: nani anatakiwa asikie, atakuwa wapi saa hiyo, na ni kelele gani nyingine zitakuwa zimemzunguka?

Ilianzia wapi?

Kengele ya umeme ya kuzuia wizi ina zaidi ya miaka 170. Mwezi Juni 1853, Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, nchini Marekani, alipata hataza ya mtambo uliounganisha milango na madirisha na betri. Mlango ukifunguliwa, umeme hupita na nyundo ndogo huanza kugonga kengele. Pope alimfikiria hata mwizi mjanja ambaye angeurudishia mlango upesi, kwa hiyo kengele iliendelea kulia hata mlango ukifungwa tena.

Mwaka 1857 haki za uvumbuzi huo zilinunuliwa na Edwin Holmes, aliyeugeuza kuwa biashara mjini Boston na baadaye New York. Mwaka 1877, simu ilipokuwa ndiyo kwanza imezaliwa, nyaya za kengele za Holmes mjini Boston zilitumika kuunganisha simu za wateja wake. Nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya kunasa wezi ndizo zilizobeba baadhi ya mazungumzo ya simu ya mwanzo kabisa kati ya biashara na biashara.

Ndani ya kengele mna nini?

Ukifungua kengele ya umeme ya aina ya zamani utakuta vitu vichache tu: koili za waya wa shaba, kipande cha chuma kilichoshikwa na springi, nyundo, na bakuli la chuma. Umeme ukipita kwenye koili, koili zinakuwa sumaku na kukivuta kile kipande cha chuma. Nyundo inagonga bakuli. Lakini kipande hicho kinapovutwa, kinaachana na ncha iliyokuwa ikikipa umeme. Sumaku inakufa, springi inakirudisha chuma mahali pake, umeme unapita tena, nyundo inagonga tena. Nyundo hujikatia umeme na kujirudishia, mara nyingi kwa sekunde, bila kompyuta wala mtu.

Kengele nyingi za chuma za leo hutumia mota ndogo kuisukuma nyundo. Ving'ora vya elektroniki havina nyundo kabisa. Baadhi yake vina kisahani chembamba cha kauri kinachojikunja na kujikunjua umeme unapokipitia, na kwa umeme kidogo tu kisahani hicho hutoa sauti ya desibeli 110 au zaidi, ikipimwa kutoka umbali wa mita 1.

Sauti hupotea wapi?

Maneno "umbali wa mita 1" ndiyo yanayosahaulika. Kila umbali unapozidishwa mara mbili mahali pa wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6. Chukua kengele ya desibeli 100. Ukisimama mita 2 kutoka ilipo unapata 94, mita 4 unapata 88, mita 8 unapata 82, na mita 16 unapata 76. Sasa weka mlango uliofungwa katikati. Mlango wa kawaida hunyonya takriban desibeli 20, na mlango mzito wa kuzuia moto hunyonya takriban 30. Zile 76 zimekuwa 56, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ofisini hufika desibeli 60. Kengele iliyomshtua mwenye duka pale alipoijaribu kwenye kaunta imezidiwa na soga za watu wa chumba cha nyuma.

Je, dawa ni kufunga kengele mbili pamoja? Kengele mbili za nguvu sawa zikiwekwa ubavu kwa ubavu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Kengele hizo hizo zikitenganishwa, moja ukumbini na nyingine kwenye korido ya stoo, zinaokoa maisha. Ndiyo maana mafundi wazoefu huchagua kengele nyingi za wastani zilizosambazwa badala ya moja yenye kishindo. Kishindo nacho kina mpaka wake: sauti ya desibeli 120 inauma masikio, na mtu aliyeziba masikio kwa mikono miwili hawezi kufungua kitasa wala kumshika mtoto.

Kwa kengele za moto, mwongozo wa Uingereza unaoitwa BS 5839 unataka sauti ifike walau desibeli 65, au izidi kwa desibeli 5 kelele zilizopo mahali hapo. Penye watu waliolala, inatakiwa ifike desibeli 75 kitandani, mlango ukiwa umefungwa. Marekani hutaka izidi kelele za kawaida kwa desibeli 15. Kwetu kelele za kawaida zinajumuisha jenereta, mashine za kusaga, na mvua ya masika juu ya mabati. Anayepima sauti ya ghala asubuhi tulivu ya kiangazi amelipima ghala lingine kabisa.

Kila hatari na mlio wake

Kengele ya moto inamwambia mtu "toka". Kengele ya mwizi inamwambia mlinzi "njoo". Zikilia kwa sauti moja, wengine watakimbilia mlangoni na wengine watajifungia ndani. Kwa moto kuna mlio uliokubaliwa kimataifa katika kiwango cha ISO 8201: milio mitatu ya nusu sekunde, inayotenganishwa na kimya cha nusu sekunde, kisha kimya cha sekunde moja na nusu kabla ya kuanza upya. Jengo lote litumie mlio mmoja wa moto, na usitumike kwa jambo lingine, hata kutangazia muda wa chai.

Kuna mahali ambapo kengele haitakiwi kulia kabisa. Karani wa benki aliyeelekezewa bunduki akibonyeza kitufe cha dharura, sauti inaweza kumponza. Kitufe chake hupeleka habari kimyakimya kwenye kituo cha ulinzi au polisi, na ukumbi unabaki kama ulivyokuwa.

Hotelini kuna shida nyingine. Sauti kali na nyembamba ya hezi 3,000 hivi, iliyozoeleka kwenye vigunduzi vya moshi, huwapita usingizini watoto wengi na wazee ambao usikivu wao wa sauti nyembamba umepungua. Utafiti ulionyesha kwamba mlio mzito wa hezi 520 huwaamsha vizuri zaidi, na kanuni za NFPA 72 za Marekani sasa zinautaka kwenye vyumba vya kulala vya majengo kama hoteli. Kwa mgeni kiziwi, mlio wowote ni bure. Anahitaji taa ya kumwekamweka, na kwangu mimi hiyo ni haki yake sawa na mlango wa kutokea.

Waya mwembamba huiba sauti

Kengele nzuri inaweza kuuawa na waya. Chukua king'ora cha volti 12 kinachohitaji ampea 1, kilichofungwa mita 50 kutoka kwenye paneli. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo unasafiri mita 100. Waya mwembamba uliozoeleka kwenye kazi hizi una shaba ya milimita za mraba 0.22, na kwa urefu huo ukinzani wake hufika takriban omu 8. Ili ampea 1 ipite, volti 8 zingepotelea njiani na king'ora kingebaki na volti 4. Kitakoroma tu, na mwenye jengo atalaumu king'ora. Ukitumia waya wa milimita ya mraba 1, hasara haifiki volti 2. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo kuliko bei ya kitu chochote kilichomo dukani.

Mkebe wa nje ufungwe juu, pasipofikiwa bila ngazi, lakini uonekane kutoka barabarani ili waitikiaji wajue jengo lipi. Waya uingie kwa nyuma kupitia ukutani, usining'inie nje. Ndani ya mkebe kuwe na swichi ndogo ya kushtua kengele mtu akifungua kifuniko, na nyingine ya kushtua akiung'oa mkebe ukutani. Silikoni ipakwe juu na ubavuni, na chini paachwe wazi maji yatoke. Unaofungwa Mombasa, Tanga au Unguja uwe wa plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi hula bati la kawaida. Matundu yazibwe kwa wavu mdogo, maana mavu na sisimizi hupenda sana nyumba hizo.

Jambo moja dogo lakini kubwa: bakuli la kengele lisipakwe rangi. Mafundi rangi hupitisha brashi juu ya kila kitu kilichoko ukutani, na rangi ikikauka juu ya chuma hicho huzuia mtikisiko wake na kuipunguza sauti.

Kengele inayodanganya

Nchini Marekani, tafiti kuhusu kazi za polisi zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya miito ya kengele za wizi ni ya uongo: mlango haukufungwa vizuri, paka amepita, mfanyakazi amesahau namba ya siri. Kila mlio wa uongo huwafundisha majirani kupuuza mlio wa kweli. Uingereza, mwongozo wa mwaka 1982 ulitaka kengele ya nje ijizime yenyewe baada ya dakika 20, na sheria ya 2005 ikaziruhusu serikali za mitaa kutenga maeneo ambayo mwenye kengele lazima aandikishe watu wenye funguo za jengo. Huku kwetu pia mwenye jengo anaweza kuwaachia mlinzi na jirani namba za watu wawili wa kuitwa usiku. Haigharimu chochote.

Betri nayo ina umri. Nyingi za volti 12 zinazofungwa kwenye paneli huanza kuchoka baada ya miaka 3 hadi 5, na kila nyuzi joto 10 hivi juu ya 25 za Selsiasi hupunguza umri huo kwa nusu. Paneli iliyowekwa chini ya paa la bati inataka betri mpya mapema zaidi. Tarehe ya kufungwa iandikwe juu ya betri kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie afunge milango yote, awashe jenereta, akate umeme wa gridi, kisha apige kengele. Mtume mtu stoo ya mwisho, mwingine chooni, mwingine kwenye kibanda cha mlinzi getini. Mmoja wao tu asiposikia, kazi haijaisha, na fundi anayejua kazi yake atachukua ngazi tena bila kubishana. Jaribio hilo lirudiwe kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, ili kila anayefanya kazi ndani aujue mlio na ajue akiusikia aende wapi.