Munigi: GPS ya baiskeli yaweza kuchora nyufa, kupima mwendo wa ardhi ni kazi nyingine

Mtafiti anayetaka kuzunguka Munigi, kaskazini mwa Goma, na kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye usukani wa baiskeli ana swali la kujibu kabla hajauliza bei: anataka kujua kitu kiko wapi, au kimesogea kiasi gani?

Kwa wakaazi wa hapa swali hilo si la kitaalamu tu. Januari 17, 2002, mteremko wa kusini wa volkeno ya Nyiragongo ulipasuka, na nyufa zikashuka hadi karibu na Munigi. Lava iliyotoka humo iliingia Goma na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Mei 22, 2021 lava ilirudi, ikakata barabara ya Goma–Rutshuru na kuteketeza nyumba kabla ya kusimama si mbali na uwanja wa ndege. Matetemeko yaliyofuata yalipasua barabara na kuta, na Mei 27 wakaazi wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuhama.

Ufa wa barabarani haudumu. Watu huufukia kwa mawe ili pikipiki na chukudu zipite, na baada ya hapo kinachobaki ni kumbukumbu ya aliyepita mapema. Hapo ndipo baiskeli inapofaa.

Palipo wazi, GPS ya baiskeli hukosea kwa mita chache. Hiyo yatosha kuonyesha ufa umepita mtaa gani na umeelekea wapi. Upana wake upimwe kwa futi ya fundi, na picha ipigwe.

Vifaa vingi vina mpangilio wa kuruka baadhi ya alama ili kuokoa nafasi. Mwendesha baiskeli wa mazoezi haoni hasara, lakini mtafiti aubadilishe, kifaa kiandike kila sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni alama moja kila mita nne hivi. Faili nazo ziweze kutolewa kwa waya, bila intaneti, na betri imalize siku nzima. Skrini ya rangi na hesabu ya mapigo ya moyo ni mapambo tu kwa kazi hii.

Urefu kutoka usawa wa bahari una mtego wake. Vifaa vingi huukadiria kwa mgandamizo wa hewa, na kwenye mwinuko wa Goma, hektopaskali moja ni kama mita 10. Wingu la mvua laweza kukupandisha kilima ambacho hakipo. Dawa ni kuanzia na kumalizia safari mahali pamoja, kisha kulinganisha namba mbili.

Simu ya Android nayo huchukua alama, picha na maelezo kwa pamoja. Mwenye simu nzuri na bajeti ndogo hana haja ya kununua kingine, ila mvua na betri humsumbua.

Kupima mwendo wa ardhi ni kazi ya mitambo mingine. Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma, pamoja na wataalamu wa Ubelgiji na Luxembourg, kina mtandao wa KivuGNet, ambao antena zake zimekazwa mahali pamoja na kunasa miendo ya milimita. Mtu akirudi kwenye ufa uleule na baiskeli, akaona tofauti ya mita tatu, aliyehama ni makosa ya kifaa. Kuitangaza tofauti hiyo kama dalili, katika mji ambao mwaka 2021 mamia ya maelfu walikimbilia Sake na Rwanda, ni kucheza na watu.

Kuna jambo ambalo duka halikuambii. Tangu Januari 2025 Goma na viunga vyake viko mikononi mwa M23. Kifaa kinachoandika kila kona unayopita kinahitaji maelezo kwa chifu na majirani kabla ya safari, na alama zinazoonyesha nyumba za watu ziondolewe kwenye faili kabla haijatumwa kwa yeyote.