Karieri ikifungwa, nani atarudisha majani?

Kila familia ya mine inaijua ile siku. Sirene hailii tena, mashini zinapakiwa, wafanyakazi wanapewa hesabu yao ya mwisho. Kinachobaki ni shimo. Wakati wa mvua linajaa maji na watoto wanakwenda kuogelea humo. Wakati wa kiangazi upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Wamama wanauliza, na wana haki ya kuuliza: "Ile fasi itabakia paka vile?"

Sisi tunajibu: hapana, si lazima. Ila majani hayarudi kwa maneno, yanarudi kwa kazi. Tuangalie fasi moja ambapo kazi hiyo ilifanyika kweli.

Ni Bamburi, karibu na Mombasa, Kenya. Huko tangu miaka ya 1950 walichimba mawe ya chokaa kwa kutengeneza saruji, kama mawe ya Lubudi kwetu. Walichimba mpaka karibu na maji ya chini, na maji hayo yana chumvi. Udongo ulikwisha wote. Ikabaki sakafu nyeupe ya mawe, jua kali, hakuna hata kivuli cha kumkinga mbuzi.

Mwaka 1971 bwana mmoja mtaalamu wa kilimo, Mswisi anayeitwa René Haller, alianza kupanda miti mle. Alijaribu aina 26. Tatu tu ndizo zilizoweza kuishi. Moja ni mnazi. Nyingine, iliyofaa kuliko zote, ni filao, ule mti wa majani membamba kama sindano ambao watu wa pwani wanauita mvinje. Filao haiogopi chumvi. Tena mizizi yake inaishi pamoja na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinachukua chakula cha mti kutoka hewani. Kwa hiyo inaweza kuanza maisha pahali ambapo mbolea haiko.

Miti ikakua, lakini kukatokea shida. Majani yaliyoanguka hayakuoza. Yalilala tu chini, makavu, na bila kuoza hakuna udongo. Dawa ilikuwa nini? Jongoo! Yule mdudu mrefu wa miguu mingi, anayejiviringa ukimgusa. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakila yale majani, basi akawaleta kwa mamia. Walikula, wakatoa mavi, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo mweusi. Kisha miti mingine ikapata pa kushika mizizi, ndege wakaja, mabwawa ya samaki yakachimbwa, wanyama wakaletwa. Leo ile karieri ni pori la kutembelewa, linaitwa Haller Park. Watoto wa shule wanakwenda kuona twiga na kiboko pahali ambapo baba zao walipasua mawe.

Sasa turudi kwetu Katanga. Tusiseme: "Basi, tupande filao kila fasi." Jiwe la chokaa halina sumu, lakini udongo wetu mara nyingi una shaba na kobalti nyingi, na hizo zinaua mizizi. Wazee wanajua: kilima cha shaba hakina miti mikubwa, kina majani na maua yake tu. Ua la shaba, lile ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, liliwaonyesha watafutaji wa madini pa kuchimba.

Kumbe ile mimea yetu wenyewe inaweza kutusaidia. Pale Penga Penga, Lubumbashi, moshi wa kiyeyushio cha shaba kilichowashwa mwaka 1911 uliharibu udongo kwa miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu kupanda huko majani mafupi ya asili, Microchloa kunthii, ambayo yanavumilia shaba. Kwanza wanachanganya udongo na chokaa na mbolea ya takataka zilizooza. Chokaa inaishika shaba ili isiingie sana katika mizizi. Majani nayo yanashika udongo ili upepo usiubebe na mvua isiupeleke mtoni.

Lakini tuelewane: majani hayo yanafunika sumu, hayaiondoi. Fasi kama ile si ya kupanda lenga-lenga wala matembele, hata ikionekana kijani. Mboga inaweza kubeba madini mpaka katika sahani ya mtoto.

Na nani atalipa? Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye haki ya kuchimba atengeneze mazingira aliyoyaharibu, na aweke feza ya dhamana kwa kazi hiyo mapema, mbele ya kufunga. Tunasema mbele, maana kampuni ikisha kuondoka, utamfuata nani?

Kwa hiyo, ndugu, mkutano wa cité ukiitwa, msiulize habari ya kazi na visima peke yake. Ulizeni pia: udongo wa juu mliouondoa mumeuweka wapi? Kama umefunikwa na mawe, umepotea. Pepinieri ya miti iko? Ni miti gani, na imejaribiwa kwenye udongo huu? Nani atamwagilia mwaka wa kwanza, wakati wa kiangazi? Na vijana wetu watapewa kazi hiyo?

Haller alianza na mawe matupu, chumvi na jongoo. Sisi tuna mvua, tuna majani ya asili, tuna chuo kikuu chetu, tuna sheria. Linalobaki ni kuuliza mapema, wakati mashini bado zinanguruma. Aliyeacha shimo amewaachia watoto shimo. Aliyeacha kivuli, watoto wake watakaa chini yake.