Je, Wajua? Kizimbani, Shamba Lililofunza Viungo

Kila inapokaribia Nane Nane, Sikukuu ya Wakulima, watu wa Unguja humiminika Kizimbani, karibu na Dole, kutazama maonesho ya kilimo: miche, mbegu, mifugo na mazao yaliyopangwa mabandani. Ukienda, tenga na muda wa kutembea kwenye mashamba ya jirani. Kabla hujafika, je, wajua kwamba…

Mkarafuu ni mgeni? Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako Waholanzi waliuhodhi kwa muda mrefu. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kuuingiza Mauritius kwa siri. Mwanzoni mwa karne ya 19, Saleh bin Haramil aliuleta Unguja, ukapandwa Mtoni na Kizimbani.

Utajiri wa karafuu ulitoka kwenye jasho la watumwa? Wao ndio waliofyeka, waliopanda na waliochuma. Amri ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, mikarafuu ikiwa imekwisha kuwatajirisha wengine. Anayesifu harufu ya karafuu na awakumbuke.

Kimbunga kiliipa Pemba uongozi? Mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na hadi leo ndiyo yenye karafuu nyingi.

Binti wa Sultani aliishi hapa? Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alihamia shambani kwake Kizimbani baada ya jaribio la nduguye Barghash la kutwaa utawala kushindwa mwaka 1859. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886.

Karafuu ni ua ambalo halijachanua? Huchumwa kishada kizima, vichwa vinapoanza kuingia wekundu. Kisha hufikichwa kwa viganja, karafuu upande mmoja, makonyo upande mwingine, na kuanikwa juani. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu.

Tunda moja hutoa viungo viwili? Pasua tunda la kungumanga: ndani mna kokwa nyeusi inayong'aa, imevikwa wavu mwekundu. Wavu huo ndio basibasi. Kungumanga yenyewe imo ndani ya kokwa.

Vanila huchavushwa kwa mkono? Ua lake hufunguka siku moja tu. Njia rahisi ya kulichavusha kwa kijiti iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion. Wakulima wa vanila duniani wanaifuata mpaka leo.

Mkarafuu huweza kumzidi umri aliyeupanda? Huchukua miaka 6 hivi au zaidi kuanza kuzaa, kisha ukitunzwa huendelea kwa miongo mingi. Kwa hiyo nenda Kizimbani na watoto, na mche mtakaourudisha nyumbani wapeni wao waupande.