Namna nilitengeneza kinga ya vitesi moja kwa dola 90

Wandugu, wengi kati yenu mmeniona nikipita na ile kinga ya kijani, matope mpaka kwenye magoti, na mmeniuliza: "Vitesi zake ziko wapi?" Iko na moja tu. Leo naeleza namna niliitengeneza, pesa ilienda wapi, na kosa moja lenye liliniangusha chini.

Tuanze na sababu. Kisha kumaliza masomo hapa Lubumbashi nilipata kazi ndogo ya anketi: kupita nyumba kwa nyumba kwenye vijiji vya barabara ya Kipushi na kujaza fishi. Wanalipa kwa siku. Kipushi iko karibu kilometa 30, na moto ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya malipo. Ilikuwa mwezi wa pili, katikati ya mvua. Yaya wangu akanikopesha dola 90 zenye alikuwa anaweka kwa ajili ya masomo ya watoto wake. Akaniambia neno moja tu: "Mwezi wa kenda nazitaka."

Nilikuwa nimeona kwenye simu mchezo wa siklokrosi. Ni mchezo wa wakati wa baridi, wenye kupendwa sana Ubelgiji. Watu wanakimbiza kinga kwenye matope, mchanga na majani. Mahali hapapitike, wanashuka, wanatia kinga begani na kukimbia nayo. Mashindano ya dunia ya kwanza yalifanywa Paris mwaka 1950. Katika mashindano makubwa mpira wa kinga hauruhusiwe kupita upana wa mm 33. Mimi sikutafuta kushindana. Nilitafuta kinga ya namna ile: nyepesi kubeba, yenye nafasi ya matope kupita, yenye haiogope njia mbaya.

Na kwa nini vitesi moja? Juu derayeri, ile mashine ya kubadilisha vitesi, matope mekundu yetu yanaijaza na kuifunga haraka. Tena kila kitu chenye hakiko kwenye kinga, haukinunue na hakiharibike. Angalieni wapapa wenye kuingia mjini asubuhi na magunia ya makala: kinga zao ziko na vitesi moja, na hakuna mtu anashangaa. Shida ya kinga zile ni uzito. Nyingi zinafika kilo 20, na kubeba kilo 20 begani ndani ya mtaro si mchezo.

Kadre. Nilienda kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika vyenye vinatoka Ulaya, na sumaku ya redio ya zamani mfukoni. Sumaku ikishika, kadre ni chuma, na chuma soudeur wa mtaa anaweza kukiunga kikipasuka. Aluminiumu si kila mtu anaiweza. Kisha angalia mahali ekseli ya nyuma inaingia. Kama tundu limelala, unaweza kuvuta gurudumu nyuma mpaka shene ikaze. Kama tundu linasimama wima, utahitaji kitu kingine cha kukaza shene. Mwisho, tia mpira wa mm 35 na uone kama kidole kinapita kila upande. Kisipopita, matope pia hayatapita. Nilipata kinga nzima ya zamani, na magurudumu yake, kwa dola 40.

Meno. Mbele kulikuwa plato tatu: 48, 38 na 28. Nilibakisha ya katikati, 38. Nyuma nikatosha zile pinyo saba na kufunga moja ya meno 18. Piga hesabu: 38 gawanya kwa 18 ni 2,1. Kwa gurudumu langu, ukizungusha pedali mara moja unaenda karibu mita 4 na nusu. Ningebakisha 48 ningeenda zaidi ya mita 5 na nusu: vizuri kwenye lami, lakini kwenye matope magoti yanalia.

Freni. Hapa musibane pesa. Nilinunua kaocho mpya na kamba mpya, nikabakisha gido ya kunyooka na mikono yake ya freni. Ile gido ya kujikunja ya siklokrosi ni nzuri kwa macho, lakini mikono yake ya kawaida inavuta kamba kidogo kuliko freni ndefu kama zangu zinavyotaka.

Sasa kosa. Papa fundi mwenye alinisaidia, mzee mwenye kukaa na pompe yake chini ya mwembe, aliniambia: "Mutoto, pima shene kwanza. Iko naenda pembeni." Mimi na diplome yangu nikajibu kwamba itajizoeza. Siku ya tatu, nikivuka barabara ya makamio, nilisimama juu ya pedali nipate nguvu. Shene ikaruka. Mguu ukaenda kwenye hewa tupu, na mimi nikaenda chini. Kamio ilisimama, Mungu saidia. Goti likapasuka, fishi zote zikalowa ndani ya maji machafu, na ile siku sikulipwa.

Papa fundi hakunicheka. Alitia rula kwenye plato, akainyoosha mpaka nyuma: pinyo ilikuwa ndani kwa karibu mm 8. "Ni paka ile njo nilikuambia," akasema. Kinga ya vitesi nyingi inavumilia shene ya kwenda pembeni kwa sababu derayeri inaishika. Ukitosha derayeri, hakuna kitu cha kuishika tena. Plato na pinyo lazima vitazamane sawasawa.

Dawa yake haikuwa kununua kitu. Kwenye ekseli ya nyuma kuna rondeli zenye zinajaza nafasi ya zile pinyo saba. Alitosha rondeli za kuume na kuzihamisha kushoto, hivi kitovu cha gurudumu kikasogea kuume pamoja na pinyo. Kisha akakaza rayo za kushoto na kulegeza za kuume mpaka jante ikarudi katikati. Gurudumu likawa na nguvu kuliko mbele, maana rayo za pande mbili sasa zinavuta karibu sawa. Mwisho tukakaza shene: ukiisukuma katikati na kidole, icheze karibu sentimita moja. Ikikazwa kupita hapo inakula vyuma, ikilegea inaruka.

Hesabu yote ni hii: kinga ya zamani 40, pinyo 4, shene mpya 5, mipira miwili na shambrea zake 22, freni 7, grisi na goroli 4, kazi ya fundi 8. Jumla dola 90. Ile kazi ya pili niliilipa kwa kuuza plato kubwa na derayeri zenye tulitosha.

Kama unataka kuanza, bana pesa kwenye rangi, kiti na gido. Usibane kwenye freni, shene na mipira. Na pima kabla ya kulipa, hata kama umesoma miaka mitano.

Bado nashuka kwenye milima na kusukuma. Vitesi moja njo vile. Lakini malipo ya siku sasa yanabaki mfukoni. Mwezi wa nane nilimrudishia yaya dola 80. Zile 10 za mwisho alizikataa, akasema nimnunulie mutoto wake mkubwa kadre.